Mstari wa Tatu wa Sauti

Jioni ile nilikuwa nafunga studio yangu hapa Baraka, nikanunue makala ya kupikia kabla ya giza. Fabien akaingia, flash mkononi.

"Dada Vanessa, video ya maziko ya bibi yangu... kata maneno ya mama mukwe. Ndugu zangu ba Uvira banataka kuiona kesho."

Nilijua maneno yenyewe. Mbele ya sanduku la maiti la Constance, mkewe Fabien, mama mzazi wa marehemu alimwonyesha Fabien kidole: "We njo ulimupa mutoto wangu sumu!" Watu wakamvuta kando.

Constance ndiye aliyenisuka nywele tangu tukiwa shuleni. Lakini Fabien nilimwogopa. Nikakubali.

Kwenye mashine yangu, kompyuta ndogo ya kubeba, ninatumia programu ya bure, ile ambayo haidai leseni wala kubandika jina lake juu ya picha. Picha hukaa kwenye mstari mmoja, sauti kwenye mwingine. Nikatafuta kile kidole. Nikakata. Nikafuta.

Nikaanza kuangalia upya.

Mistari ilikuwa mitatu.

Wa tatu ulikuwa wa sauti, mawimbi madogo madogo. Nikaufuta. Ukarudi. Nikafuta tena... ukarudi, mrefu zaidi.

"Nini hiyo?" Fabien alinong'ona.

"Sijui, shemeji."

Nikaweka kichujio cha kuondoa makelele. Upepo ukatoka. Vilio vya wanawake vikatoka. Kikabaki kitu kimoja.

Pumzi.

Harufu ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, iliyochacha ikajaa chumba. Kisha sauti, taratibu, sauti niliyoizoea sikioni mwangu miaka ishirini:

"Fabien... ile sombe ilikuwa muchungu."

Fabien akachomoa waya wa umeme. Mashine haikuzimika, betri ilikuwa imejaa.

"Ulikaa pembeni yangu... ukaniangalia nikikula."

"Zima, dada! Zima!"

Nilibonyeza kila kitu. Hakuna kilichotii. Fabien akapiga magoti.

"Constance, nisamee! Munganga alisema utalala tu! Alisema hautasikia maumivu!"



Nikatazama kioo cha mashine. Programu ile inaweza kurekodi sauti moja kwa moja kwenye mstari, ukibonyeza kitufe chekundu. Kilikuwa kimewaka. Mimi sikukigusa.

Mstari wa nne ulikuwa umejaa maneno ya Fabien.

Alikimbia bila viatu. Sikulala. Asubuhi nilibeba mashine hadi kwa mama yake Constance, nikampigia magoti na kumweleza kwamba nilikuwa nimekubali kukata maneno yake. Nikamwashia ile sauti. Alisikiliza hadi mwisho, macho makavu.

"Anaweza kusema tena?"

"Sijui, mama."

"Achia mashine hapa. Usiizime."

Polisi waliitwa kuusikia mstari wa nne, wakamkamata Fabien njia ya kwenda Swima. Munganga hajaonekana mpaka leo.

Mashine sijairudia. Nyumba ile haina umeme, betri ilipaswa kufa siku ileile. Lakini kila jioni majirani wanasikia wanawake wawili wakizungumza ndani, polepole, kama watu wanaopanga kazi.

Na kule kasho, kwenye mahabusu ya polisi, saa hiyohiyo, Fabien anaanza kuomba maji, akilalamika kwamba mdomo wake una uchungu wa sombe.