Aliyekimbia Moto wa Msibani

Aron alikimbia msiba wa baba yake mzazi. Watu wa kijiji cha Yakobi walimwona.

Ilikuwa mchana, mwezi wa saba, ukungu umeshuka na baridi kali. Wanaume walikuwa wanaota moto nje ya nyumba ya marehemu. Jirani mmoja akatupa ndala iliyokatika kwenye moto. Moshi mweusi ukapanda. Aron akasimama, akakimbia hadi barabarani. Jeneza lilipotoka ndani, hakuwepo.

Pale kwao, watoto wa kiume hukaa kwenye moto huo mpaka mazishi. Hapo ndipo hupewa pole. Anayeondoka huulizwa anakimbia nini.

Kaka yake, Methusela, aliuliza mbele ya watu.

"Mtoto anakimbia moto wa baba yake? Ana nini na kifo hiki?"

Maneno hayo yalitosha. Kufikia jioni, watu walikuwa wanasema Aron kamroga baba yake ili arithi shamba la miti. Methusela akamkataza kukanyaga kwake. Na mama yao, Bibi Jasmine, baada ya msiba alikuwa anaishi kwa Methusela.

Hakuna aliyemuuliza Aron kama anaumwa. Na Aron mwenyewe hakusema.

Aron ni askari wa zimamoto, Makambako. Mwaka mmoja kabla ya msiba, basi na lori viligongana barabara kuu, vikawaka. Aron aliokoa watu kadhaa. Mama mmoja alimshika mkono, lakini miguu yake ilikuwa imebanwa. Matairi yalikuwa yanaungua. Aron alilazimika kumwachia.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Aliota ndoto mbaya, akashtuka kwa kelele ndogo. Akaanza kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, asubuhi. Akaacha kwenda kazini, akakaa nyumbani Yakobi. Na jikoni hakuingia tena.

"Baba Ema, ingia, ugali unapoa," mkewe Esnath alikuwa akimwita.

"Nitakula hapa nje."

"Kwenye ukungu? Kwani jiko langu linanuka?"

"Nimesema hapa!"

Sahani ikaruka. Mtoto wao Ema akajificha nyuma ya mama yake.

Baada ya msiba, Esnath alichoka.

"Niambie una nini, nikae. Usiponiambia, naondoka."

Aron akatoka nje. Esnath akamchukua Ema, akaenda kwao Matamba.

Wiki chache baadaye alikuja kutoka Makambako Romanus, dereva wa gari la zimamoto, Mpangwa mwenye utani mwingi na Wabena kama Aron.

"Kamwene, Mbena!" alisalimia kwa Kibena. "Umekonda kama fito."

Aron akamimina ulanzi kikombeni.

"Ulanzi huu ni wa nini asubuhi yote hii?"

"Unanisaidia kulala."

"Jana ulilala?"

"Hapana."

Romanus akavuta kigoda, akakaa.

"Sikiliza, afande. Baada ya ile ajali, mimi nilikuwa nikisikia breki za lori, najikojolea. Mtu mzima, sare mwilini."

Aron akainua uso. "Wewe?"

"Mimi. Unadhani zile suruali mpya nilizinunua kwa ajili ya harusi? Nilikwenda hospitali, kitengo cha afya ya akili. Sasa naendesha. Twende."

"Wataniita chizi."

"Tayari wanakuita mchawi. Chagua."

Aron hakuchagua. Romanus akarudi Makambako peke yake.

Mvua zikaanza, watu wakapanda mahindi. Bibi Jasmine akaugua kifua, akafariki. Moto ukawashwa tena, nje ya nyumba ya Methusela. Aron aliyatazama mazishi ya mama yake akiwa ng'ambo ya barabara. Kesho yake akampigia simu Romanus.

"Nimechagua."

Romanus alimpeleka hospitalini. Aron alipokelewa na nesi Devotha. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Umewahi kufikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri kusema. Siku wazo hilo likirudi, usikae peke yako. Mwite Romanus, au njoo hapa mara moja."

Kisha akamweleza.

"Mwili wako bado uko kwenye lile basi. Pua ikinusa mpira unaoungua, miguu inakimbia kabla hujafikiri. Si woga. Si uchawi. Ni ugonjwa. Tunauita msongo baada ya kiwewe. Huwapata wanajeshi, polisi, zimamoto, hata manesi kama mimi."

"Unapona?"

"Wengi hupata nafuu kubwa. Utakuja kila wiki tuongee. Moto utauzoea kidogo kidogo, nikikusaidia. Usijilazimishe peke yako. Wengine daktari huwapa vidonge. Ulanzi tutaupunguza, maana unaharibu usingizi. Na mkeo aje."

Aron alipiga simu Matamba.

"Mama Ema, naumwa. Nesi anataka uje."

"Mbona hukusema nilipokuuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako imenifukuza nyumbani kwangu!" Esnath alisema, akalia. Lakini alikuja.

Devotha alimfundisha Esnath. Aron akishtuka, asimtikise. Amwite jina kwa upole, amkumbushe kuwa yuko nyumbani, yuko salama.

Kazi ilikuwa ndefu. Aron alianza kwa kukaa mlangoni pa jiko. Baadaye akaingia. Siku nyingine bado hutoka nje na sahani yake, na Esnath humwacha. Analala. Ameacha ulanzi. Amerudi kazini.

Esnath alikwenda kwa Methusela akamweleza ugonjwa wote. Methusela akaja mwenyewe.

"Mdogo wangu, nilikuita muuaji. Ulikuwa mgonjwa."

"Sikukuambia, kaka."

"Sikukuuliza."

Ndugu hao sasa wanasalimiana. Lakini kuna watu hapo mtaani ambao bado hawapokei maji mkononi mwa Aron.

Hospitali ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kuchelewa kuliwagharimu hivi. Baba alizikwa mwanawe akiwa barabarani. Ema aliacha shule yake na rafiki zake, akaanza upya Matamba. Esnath aliitwa mke wa mchawi. Na Bibi Jasmine alimwita Aron mpaka siku ya mwisho, Methusela akakataa aitwe. Akafa hajamwona.