Meno ya Sindano

Masomo yalipoisha, Kitinda alirudi nyumbani peke yake kama kawaida, ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi, ndani ya shati la shule. Alifungua mlango wa jikoni, akavua viatu, akapasha moto chakula alichoachiwa. Alikula akiwa amesimama karibu na dirisha. Meza ilikuwa na viti vinne, na kukaa pale mtu mmoja kulimfanya ahisi kama amefika kwenye sherehe watu wakiwa wamekwisha kuondoka.

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, ila nyumbani walizoea kumwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga mlango wa uzazi. Mama yake alikuwa mwoka mikate. Aliondoka kabla ya kupambazuka na kurudi jua likielekea kuzama, unga umemganda kwenye nyusi, miguu imemvimba. Baba yake aliendesha lori la safari ndefu, naye akija alikuwa kama mgeni. Kaka yake, ambaye zamani waligombania redio mchana kutwa, alikuwa amekwenda chuoni. Sasa redio ilikuwa ya Kitinda peke yake, na hakuwa na hamu ya kuiwasha.

Ndipo siku moja baba alipokuja na boksi lililotobolewa matundu. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, masikio yameanguka, tumbo mviringo kama ngoma. Alikuwa amezaliwa kwenye uwanja wanakoegesha malori.

"Huyu atakuwa mwenzio nisipokuwepo," baba alisema. Kesho yake akaondoka tena.

Siku ya kwanza mbwa yule alilala mapajani mwa Kitinda, na Kitinda hakuthubutu kujikuna asije akamwamsha. Lakini alipozoea nyumba, mambo yakabadilika. Kila mkono uliosogea aliurukia. Aliuma vidole, visigino, pindo la sketi, hata ncha ya kitana Kitinda akichana nywele. Meno yake yalikuwa membamba na makali, na hivyo ndivyo alivyopata jina la Sindano.

Alipoumwa, Kitinda alipiga yowe na kukimbia, na Sindano akamfuata mbio akitingisha mkia. Kumbe kwa mtoto wa mbwa, mtu anayekimbia huku akipiga kelele ni mchezo mtamu kuliko yote. Kadiri alivyokimbia ndivyo alivyoumwa. Siku moja, machozi yakimlengalenga, alimchapa kwa kandambili. Sindano aliingia uvunguni mwa kitanda na kukaa humo. Alipotoka alikuja akinguruma, akauma kwa nguvu zaidi.

Baada ya hapo Kitinda alianza kumfunga uani, kwenye bomba la maji, tangu asubuhi. Akirudi alimwekea chakula kwa mbali, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Mbwa alilia nje, yeye akakaa sakafuni upande wa ndani akimsikiliza, akijiambia kuwa hata mbwa hamtaki. Mama aliporudi na kuuliza habari za nyumbani, alijibu kuwa ni nzuri. Alivaa sweta lenye mikono mirefu hata kwenye joto, ili mikwaruzo isionekane. Mama alikuwa anarudi amechoka taabani, na Kitinda aliona haya kumwongezea mzigo.

Shuleni aliketi na msichana mmoja mrefu ambaye darasa zima lilimwita Twiga. Twiga hakuwa rafiki yake hasa, ila alipenda mbwa, na bibi yake aliyemlea hakutaka mnyama nyumbani. Aliposikia habari za Sindano, aliomba aende kumwona. Kitinda alishangaa sana. Hakukumbuka mara ya mwisho mtoto mwenzake alipoingia nyumbani kwao. Siku ile alifagia, akapanga vikombe viwili mezani, akatandika kitambaa, kisha akaenda uani kumfungua mbwa.

Sindano, aliyekuwa amefungwa tangu alfajiri, alitoka kama mshale. Alimrukia Twiga, akapasua pindo la sketi yake. Twiga alipopiga kelele na kumsukuma, meno yakazama kwenye kifundo cha mkono. Damu ilitoka kidogo tu.

Kitinda aliifuta kwa kitambaa.

"Sema ni waya wa uzio," alimsihi. "Wakijua watamchukua. Nami sina mwingine."

Twiga aliitikia kwa kichwa. Lakini chai hakuinywa. Alichukua mkoba wake akaondoka, na Kitinda akavirudisha vikombe kabatini.

Kesho yake Twiga alikuja darasani amefunga leso mkononi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba bibi alimuuliza, naye akamjibu kuwa ni waya. "Sijawahi kumdanganya bibi," alisema. "Jana chakula hakikupita kooni." Kisha akainamia daftari lake mpaka kengele ya mwisho.

Njiani Kitinda alitembea polepole. Darasani walikwisha kufundishwa kuhusu kichaa cha mbwa. Alijua kwamba mtu akiumwa hafichi, hata jeraha likiwa dogo namna gani, kwa kuwa ugonjwa ule ukianza kuonyesha dalili hauna tiba. Na Sindano hakuwa amechanjwa. Alimwona Twiga akilini, ameketi na leso yake, akinyamaza kwa ajili ya mbwa asiye wake. Alijua pia kwamba akisema, jioni zake zitarudi kuwa za kimya kama zamani.

Mama aliporudi, Kitinda hakungoja avue viatu. Alimweleza yote, kuanzia kandambili mpaka uongo wa waya. Kisha akavuta juu mikono ya sweta.

Mama aliitazama ile mikwaruzo. Alirudisha kitenge mabegani, akauliza anakoishi Twiga, nao wakatoka. Nyumbani kwa Twiga jeraha lilioshwa kwa sabuni chini ya bomba kwa muda mrefu, ingawa lilikuwa la jana, kisha wote wakaenda kituo cha afya. Muuguzi alimchoma Twiga chanjo ya kwanza na kumwandikia tarehe za kurudi. Mikono ya Kitinda nayo alipoiona, hakumsaza.

Bibi yake Twiga hakufoka. Alimshika Kitinda bega wakiwa wanangoja, akasema, "Mjukuu wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Umechelewa, lakini umesema. Mwingine angenyamaza moja kwa moja."

Maneno yale yalimchoma Kitinda kuliko ile chanjo.

Asubuhi ya siku ya mapumziko, mama alimbeba Sindano ndani ya boksi mpaka kwa daktari wa mifugo, akiwa amekwisha kuamua kwamba kutoka hapo mbwa atarudishwa kwenye uwanja wa malori. Daktari, mwanamke mmoja wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimpima mbwa masikio na fizi, akasema haoni ugonjwa, ila wamwangalie kwa makini siku zinazofuata na wampe taarifa akibadilika. Kisha akauliza nani hushinda naye. Mama akasema hakuna mtu. Daktari akamgeukia Kitinda na kumuuliza yeye hushinda na nani. Kitinda akatazama sakafu.

"Basi ninyi wawili mna ugonjwa mmoja," daktari alisema. "Huyu haumi kwa ubaya. Anaota meno, nguvu zimemjaa, na hana wa kucheza naye. Ukimfunga kutwa, mkono wa kwanza anaouona ndio anaoumalizia hamu yote. Ukimpiga, anajifunza kuuogopa huo mkono, na mbwa mwoga huuma zaidi."

Alimwonyesha la kufanya. Akiuma, mchezo unakoma hapo hapo: simama, kunja mikono, usimtazame, usipige kelele. Akitulia, msifu na umpe tambara lenye fundo alitafune. Amtembeze kila siku kwa kamba, na akizidisha vurugu ampeleke mahali patulivu alale, kwa maana mtoto wa mbwa aliyekosa usingizi ni kama mtoto mchanga, hajui kama amechoka.

Mama akamwambia Kitinda kuwa watajaribu kwa muda mfupi.

Haikuwa rahisi. Siku ya kwanza Kitinda alisimama uani kama mlingoti, Sindano akiivuta sketi yake, na machozi yakamtiririka mashavuni. Hakukimbia. Mbwa alivuta, akavuta, akachoka, akaketi kumtazama. Kitinda akamrushia tambara. Siku iliyofuata aliumwa tena, akasimama tena. Twiga shuleni alikuwa bado anampa salamu tu, na jioni zilikuwa ndefu. Lakini mbwa hakufungwa tena kwenye bomba. Mama aliegemeza mbao mlangoni mwa uani ili mbwa akimbie humo apendavyo, na mwenyewe akirudi kutoka kazini hakuanguka tena kitini. Alibadilisha viatu, nao wakatoka watatu kuzunguka mtaa.

Polepole Sindano akajifunza kulamba mahali alipozoea kuuma. Wiki zikapita, akabaki mzima na mchangamfu, akapata chanjo yake. Jioni moja Twiga alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema amechomwa sindano kwa sababu ya Sindano, kwa hiyo anastahili angalau chai. Mbwa alimkimbilia. Twiga akasimama tuli na kukunja mikono kama Kitinda alivyomwelekeza, na Sindano akaketi miguuni pake. Chai ikanywewa.

Siku ile, baada ya Twiga kwenda kwao, mama na binti walitoka na mbwa kama desturi. Walipofika kona mama alipunguza mwendo.

"Nilidhani mtoto asiyelalamika hana shida," alisema. "Huyu mbwa aliumwa na upweke, akauma watu, tukamsikia. Wewe uliumwa na upweke, ukavaa sweta. Mwanangu, aliyezidiwa aseme mapema, kwa mdomo wake, kabla mtu hajaumia. Na sisi wakubwa tuulize mara ya pili tukijibiwa kwamba habari ni nzuri."

Kitinda aliizungusha kamba kwenye kiganja chake. Baba alikuwa bado safarini, na kesho mama angeondoka tena kabla ya kupambazuka.

"Basi nasema," alijibu. "Nikifungua mlango na kukuta kimya, huwa naogopa kuingia."

Mama alimshika mkono. Walikuwa wamefika nyumbani, lakini hawakuingia. Walizunguka mtaa tena, Sindano akiwatangulia, na mama akataka kujua kila kitu kilichotokea siku ile, tangu kengele ya kwanza.