Chumvi Katika Kisima cha Mzee Yousuf

Majirani zangu, nipeni masikio kidogo, na wewe unayefyeka kichaka mbele ya nyumba yako, weka panga chini kwanza. Jambo hili limetokea hapa hapa Bagamoyo, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu Mzee Yousuf, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Alipojenga, kabla hata hajaezeka, alichimba kisima uani, akatoboa mlango upande wa njia, akasema maji yale ni wakfu: kila mwenye kiu achote, Mwislamu na Mkristo, mwenyeji na mpita njia. Kwetu hiyo ni sadaka yenye kuendelea. Mtu yuko kaburini, na kila anayekunywa maji yake, thawabu inamfikia. Kando ya kisima aliacha kichaka alichokikuta: mkwaju, mikindu, michongoma, na mbungo uliotambaa juu ya vyote. Asubuhi wanawake tulisimama pale na ndoo zetu, tukasengenya kidogo, tukacheka, kila mtu akarudi kwake na maji matamu.

Mzee akafariki. Nyumba ikabaki kwa mwanawe Mahfoudh, mfanyabiashara kama baba yake, pamoja na mkewe Kulthum na mama yake, Bi Huda. Mahfoudh si mtu mbaya, nasema mapema msije mkamchukia bure. Ugonjwa wake ulikuwa macho. Alialikwa harusini Dar, akaona nyumba ina majani ya kapeti, kijani kitupu, na pevingi, yale matofali ya saruji, kutoka getini mpaka mlangoni. Akarudi si yule tuliyemjua.

"Tunaishi porini kama ngedere," alimwambia mkewe mbele yangu. "Wageni wakija watatuonaje?"

Wazee walisema aigaye tembo hupasuka msamba, lakini nani anawasikiliza? Kichaka kikafyekwa. Mkwaju ukaangushwa, mikindu ikang'olewa. Majani ya kapeti yakaletwa na lori, pevingi ikamaliza palipobaki, na pampu ikatiwa kisimani imwagilie asubuhi na jioni, maana majani yale, jamani, yanakunywa kuliko ng'ombe! Watu walikuja kupiga picha. Sitawadanganya, palipendeza.

Kiangazi kikapita, kikaja kingine, ladha ya maji ikawa inabadilika kidogo kidogo, sisi wachotaji tukaizoea bila kujua, ikafika siku ya hitima ya kumkumbuka Mzee Yousuf. Nyumba ilijaa watu. Baada ya kisomo chai ikapitishwa. Nikamwona shehe amepiga funda moja, akasita, akakirudisha kikombe taratibu kwenye sahani. Nami nikaonja. Chumvi! Kulthum alidhani amekosea kopo la sukari, akakimbilia jikoni. Aliporudi alikuwa na kata ya maji ya kisima. Akampa mumewe. Mahfoudh akaonja, akaitua chini.

Bi Huda akaichukua ile kata, akanywa na yeye.

"Mahfoudh," alisema, "baba yako hana tena mkono wa kufanya jema duniani. Alibakiwa na kisima hiki. Nawe umemkatia thawabu yake, kwa ajili ya majani ambayo hata mbuzi haruhusiwi kuyala?"

Sote tulisikia, na hakuna aliyejua atazame wapi. Tangu siku ile mama mtu akawa anaitikia salamu ya mwanawe, basi. Zaidi ya hapo hakumpa neno. Tuliokuwa tukichota tukaanza kwenda na madumu yetu mtaa wa pili, na mlango wa wakfu ukabaki haugongwi na mtu.

Mahfoudh alikonda. Akaamua kuchimba kisima kiende chini zaidi. Kabla hajaita mafundi akamshauri Mwalimu Marselina, mama aliyetoka Miono, anayefundisha kilimo sekondari, ambaye amepanga jirani na alikuwa akichota maji kama sisi.

"Chimba," Mwalimu alimjibu. "Ukifika chini utakutana na bahari. Uisalimie."

"Mwalimu, mimi sitanii."

"Wala mimi, kaka yangu. Huku pwani, chini ya ardhi, maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukiteka kwa ndoo unapata ya mvua. Ukivuta kwa pampu kutwa, yale ya chumvi yanapanda. Na mvua yenyewe umeizibia njia kwa pevingi, inakimbilia barabarani. Miti ya mzee haikudai umwagiliaji, tena ilikuwa inaipokea mvua na kuishusha ardhini."

"Sasa nifanye nini?"

"Zima pampu. Ng'oa pevingi. Panda miti ya huku kwetu, iliyozaliwa inajua kiangazi. Halafu usubiri. Kisima hakichomwi sindano kikapona kesho."

Kuzima pampu kulimuuma kuliko nilivyodhani. Kapeti likawa kahawia, likachanika vipande vipande, na midomo ya mji haina mlango. Walisema amefilisika. Walisema kafanyiwa kijicho. Yeye alikunja kanzu akawa anang'oa pevingi kwa mtaimbo, na usoni amejaa vumbi.

Kujifunza ukiwa mtu mzima si mchezo. Kwanza alikwenda Fukayosi, akaomba ruhusa kijijini, akang'oa miti michanga porini na kuja nayo kwenye gari. Ikafa yote. Mwalimu akachukua mmoja, akamwonyesha ulipokatika.

"Umeuacha mzizi wake mkuu kule kule," alisema. "Miti hii inazama chini kwanza, ndipo inapanda juu. Lete mbegu, sio miche ya kunyofoa."

Akaleta mbegu. Akaroweka kokwa za mkwaju katika maji ya uvuguvugu, akatafuta mbegu za msandarusi na mkindu, na Kulthum akahifadhi kokwa za mabungo aliyonunua sokoni. Mvua za kwanza zilipogusa ardhi wakapanda wote wawili, wamepiga magoti kwenye matope, wakicheka kama maharusi. Mwalimu akawaagiza jambo moja: majani makavu yaachwe chini, yashike unyevu.

Miche ikachipua. Halafu ikaanza kutoweka. Leo hapa mmoja hayupo, kesho pale mwingine hayupo. Na unajua nani alisingiziwa? Kuku wangu! Mahfoudh alikuja mlangoni kwangu amefura.

"Mama, kuku wako wananimaliza!"

"Kuku wangu wanalala bandani na kufuli!" nikamjibu. "Tafuta mchawi wako kwingine!"

Tuligombana, nasema kweli, mpaka watu wakatoka majumbani. Nilikasirika nikaapa kumkamata mwizi mwenyewe. Baada ya swala ya alfajiri nikatoka, nikachungulia mlango wa kisima. Nani namwona? Bi Huda, ameinama, ufagio wa chelewa mkononi, anafagia ua wote kabla nyumba haijaamka, kama alivyofagia tangu alipoolewa. Majani makavu, takataka, na miche ya mwanawe, vyote vinakusanywa fungu moja vichomwe.

Nilisahau hata salamu.

"Bi Huda! Unafanya nini?"

"Marahaba," alinijibu kwa kunisuta. "Nafagia. Nyumba ya Yousuf haijapata kuamka na taka. Au usafi siku hizi ni dhambi?"

"Shikamoo, mama. Lakini hebu njoo uone."

Nikachokora lile fungu, nikatoa mche wa mkwaju, majani mawili tu, kokwa bado imeushika. Nikamwekea kiganjani. Nikamweleza alichosema Mwalimu, ambacho kwa kununa kwake hakuwahi kukisikia: ua ukifagiwa mweupe, mvua haizami, inateleza, na kisima kinabaki na chumvi.

Alikaa chini pale pale juu ya mchanga.

"Kumbe mwanangu anajenga mbele, mimi nabomoa nyuma," alisema. "Nimemnunia bure, kumbe na mimi namkatia Yousuf thawabu!"

Akalia, nikalia naye. Mahfoudh akatoka kwa kelele zetu, akamkuta mama yake ameushika ule mche. Bi Huda hakujua kuomba radhi kwa maneno, wazee wetu mnawajua. Akamnyooshea tu, akasema, "Mwanangu, huu unapandwaje?"

Walipanda pamoja. Kuanzia hapo Bi Huda akawa anafagia kijia tu, kutoka getini mpaka kisimani, na huko kwingine akiona jani limeanguka anatazama pembeni kwa uchungu. Ilimkera, lakini alijizuia. Na mimi Mahfoudh aliniomba radhi kwa ajili ya kuku wangu. Nilikubali, baada ya kumsumbua kidogo.

Mvua za masika zikanyesha, zikarudi tena mwaka uliofuata. Msandarusi ukafika kiunoni, mkindu ukafungua vidole vyake, mbungo ukashika ukuta. Ndege wakarudi. Kila Ijumaa Bi Huda alionja maji ya kisima na kutikisa kichwa: bado. Ikaja Ijumaa moja akaonja, akaonja tena. Akaenda mwenyewe akaufungua mlango wa wakfu.

Mchana ule akapita mtu tusiyemjua, mchuuzi wa mikeka kutoka Mkange, jua limemchoma. Akaomba maji. Bi Huda akamtekea. Yule mtu akanywa kata nzima bila kupumua, akajipangusa mdomo, akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu aliyekichimba kisima hiki."

Bi Huda akageuka kumtafuta mwanawe.

"Mahfoudh! Umesikia? Baba yako kaombewa."

Mahfoudh alikuwa amesimama kati ya miti yake, mkono umefunika macho. Alisikia.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda uzuri si kosa. Kosa ni kununua uzuri wa macho ya wageni kwa maji ya jirani. Ufahari ule haukumgharimu Mahfoudh peke yake: ulimnyima maji mpita njia, ukamnunisha mama, ukamgusa hata marehemu. Na tusimcheke, kwani sisi nasi tunafagia ua mpaka ardhi inabaki kipara, halafu tunalaumu mvua. Mcheza kwao hutunzwa, na mti wa kwetu ukiheshimiwa hututunza vilevile. Jifunze majina yake, panda mbegu wakati wa mvua, acha majani yalale chini. Na kabla hujafyeka kichaka alichokuachia baba yako, uliza kwanza alikiacha kwa sababu gani.