Unga Chini ya Boriti

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Mwaka ule wa 1951, pale Nachingwea, nilikuwa natembea peke yangu hadi Chiola na mzigo wa ufuta kichwani, na aliyenichokoza njiani alijuta. Kwa hiyo nikisema niliogopa, niamini.

Jioni ile nilikwenda kazini kwa mume wangu. Kasmiri, fundi seremala, alikuwa kitandani siku ya kumi na moja, homa haimwachi. Sisi Wakatoliki, lakini kazi ni kazi: Wamethodisti walimwajiri awaezekee kanisa lao jipya. Kesho yake linafunguliwa, na maranda yake ya mbao yamejaa ndani. Nani wa kuyazoa? Mimi.

Homa ilimwanza siku aliyopandisha boriti ya katikati. Ilikuwa ya msolo, mti ambao Wamwera huumwagia unga wakiwaomba wazee wao waliokufa. Katapila la mradi wa karanga wa Wazungu liliung'oa, Kasmiri akaukuta umelala, akaona mbao nzuri.

"Mti ni mti," aliniambia. Yeye Mmakua wa Masasi, Kimwera hajui hata salamu.

Niliingia jua linazama. Mlango ulikuwa mmoja tu. Madirisha bado yamepigiliwa mbao za makasha ya mradi. Nikafagia. Chini ya boriti nikakuta unga wa mtama umerundikwa, umechongoka juu, unanifika kifundo cha mguu.

"Kanisa jipya watu wameshalichafua," nikanung'unika. Nikauzoa kikapuni pamoja na maranda, nikavimwaga vyote nje kwenye nyasi.

Nikageuka, nikamkuta Mwanaima, jirani yangu, Mmwera wa hapo hapo. Macho yake yalikuwa kwenye kikapu changu.

"Mama Goreti... umezoa?"

"Nimezoa. Kwani ni wako?"

"Niliumwaga mchana, nikamtaja Kasmiri. Niliwaomba wazee wamwachie. Unga unatakiwa ulale hapo mpaka asubuhi. Ukikutwa umesimama, wamekubali. Ukimomonyoka..." Akaziba mdomo.

"Na ukizolewa?"

Akatazama kwenye nyasi.

Mama yangu! Nikarudi ndani mbio, hata sijui nilitaka kufanya nini.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Unga mbichi, uliolowa.

Chini ya boriti palikuwa na unga.

Rundo jingine. Refu kuliko la kwanza, linanifika gotini.

"Mwanaima," nilimnong'oneza pale aliposimama mlangoni, "umemwaga mara ngapi?"

"Mara moja tu."

Sakafu niliyoifagia haikuwa na nyayo zozote, isipokuwa zangu. Juu, boriti ikalia... kwii... kwii... kama kitanda mtu anapojigeuza.

Mwanaima akaingia, akanivuta mkono. "Twende. Unga huu hatujui nani ameumwaga, wala ameomba nini."

"Ameomba Kasmiri apone! Kuna kingine cha kuomba?"

Nilimfokea bure. Nilikuwa nampenda mume wangu, jamani. Nikaketi kando ya unga ule, nikatandaza kanga yangu kuukinga na upepo wa mlangoni. Mwanaima akaenda kukaa na mgonjwa na mwanangu Goreti. Mimi nililinda mpaka kukakucha.

Ulikuwa umesimama. Haikudondoka hata chembe.

Nilikimbia nyumbani napiga vigelegele. Kasmiri alikuwa amekaa kitandani, mwili umepoa, anakunywa uji. Mwanaima alikuwa amejibanza kwenye kona, amempakata Goreti.

Kasmiri akanisalimu kwa Kimwera.

Kimwera cha zamani, Mwanaima aliniambia baadaye, kile alichokuwa akizungumza bibi yake. Nikamshika mume wangu mikono nikilia. Ndani ya kucha zake kulikuwa na unga.

Ni miaka saba sasa. Mradi umekufa, Wazungu wake wameondoka, kanisa lipo. Mume wangu analima, hanipigi, hanitukani. Randa hajaishika tena. Kila magharibi huenda kwa Wamethodisti, akasimama chini ya boriti, akaitazama. Goreti mpaka leo hamwiti baba.

Mwanaima aliniuliza mara moja tu: "Kama huyu ndiye anayekaa mwilini mwa Kasmiri, Kasmiri mwenyewe yuko wapi?"

Najua alipo. Nilimzoa mwenyewe, pamoja na maranda yake, nikammwaga kwenye nyasi.