Mtumiaji wa Pili

Kila siku saa nane mchana, kompyuta ya marehemu mama ilianza kujisasisha yenyewe. Ilifika asilimia tisini na tisa, ikasita, kisha ikarudi ilikoanzia. Siku ya tisa, binti yake, mwenye mimba ya miezi saba, alimwita fundi.

"Hii ni sawa na mzee aliyegoma kuhama," fundi alisema. "Nifute kila kitu, niweke mfumo upya?"

"Usifute, kaka. Humo mna daftari la ukoo wetu. Mama kaliandika miaka kumi na mmoja, na hatuna nakala."

Fundi akajaribu kulinakili. Kompyuta ikakataa: daftari limefunguliwa na mtumiaji mwingine. Akajaribu kuizima na kuiwasha upya. Maandishi yakatokea: *Mtu mwingine bado anatumia kompyuta hii. Ukiiwasha upya, atapoteza kazi ambayo hajahifadhi.*

"Nani mwingine ana akaunti humu, dada?"

"Mama tu. Sikuwa na moyo wa kuifuta."

"Basi tatizo ndilo hilo. Imebaki wazi. Weka nywila yake."

Aliiweka. Chumba kikajaa harufu ya mafuta ya karafuu, yale mama aliyojichulia magoti. Kisha vibonye vya kibodi vikaanza kulia, na hakuna aliyevigusa: viwili vya haraka, kimya, kimoja cha nguvu. Hivyo ndivyo mama alivyochapa, kwa kidole kimoja.

Daftari lilikuwa wazi kwenye mstari wa mwisho. *Mtoto wa binti yangu. Kazaliwa:* na tarehe ya miezi miwili ijayo. *Kafariki:* na hapo tarakimu zilikuwa zikijitokeza, moja baada ya nyingine.

"Mama yako alijua una mimba?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alikufa kabla. Na hakuwahi kumwandika mtoto yeyote kabla ya kumpakata. Huyu si mama."

"Sijamaliza, mwanangu," spika zikasema, kwa sauti ya mama hasa, ile ya kubembeleza, na harufu ya karafuu ikazidi mpaka macho yakawawasha, na kiti kilichokuwa tupu kando yao kikajisogeza taratibu kuelekea mezani, na vibonye vikaharakisha kama mtu aliyesikia hatua mlangoni.

"Nikiiwasha upya, mstari huu unapotea?" binti akamuuliza fundi.

"Kama hajauhifadhi."

Binti akabonyeza. Tisini na saba. Tisini na tisa. Ikasita. Mia.

Harufu ikakatika. Daftari lilikuwepo lote, likiishia na kifo cha babu, kama mama alivyoliacha. Fundi akanakili, akafuta akaunti ya mama, akajifuta jasho. "Mpangaji kahama, dada," alisema, akijaribu kucheka.

Binti akaegemea kiti, akashusha pumzi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tumboni mtoto akapiga teke, naye akaweka kiganja kumsikiliza.

Mawili ya haraka. Kimya. Moja la nguvu.