Mkasi Chini ya Mto

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua duka, akaipangusa mashine yake, kisha akaketi juu ya mto mwekundu ambao hakuruhusu mtu mwingine yeyote aukalie. Juma hilo alikuwa akishona gauni la arusi la bintiye, na arusi ilikuwa Jumamosi. Lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa. Akiitwa kutoka kushoto, aligeuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa.

Jumatano binti alikuja kulijaribu gauni. Akahangaika ndani yake, kisha akatulia.

"Baba, mimi mkono wangu hauoti mgongoni."

Kwa shingo ile isiyogeuka, fundi hakuwa ameona alipokuwa akiupachika mkono wa gauni. Binti akaanza kulia.

"Baba watoto," mkewe alisema, "umejipaka dawa ya kuchua mpaka nzi wamehama. Twende kwa daktari wa viungo."

Daktari, jirani yao wa mtaa wa pili, alimwuliza kwanza kama ana homa, ganzi au mikono iliyolegea.

"Ungekuwa navyo, ningekupeleka hospitali sasa hivi," alisema. Kisha akaanza kumpima miguu.

"Daktari, shingo iko huku juu," fundi alimwelekeza kwa adabu.

"Naiona, mzee wangu, haijapotea. Lakini ukivuta uzi kwenye pindo la gauni, kitambaa hujikunja wapi?"

"Huweza kujikunja hata kifuani."

"Basi na mwili ni kitambaa kimoja. Elimu hii huitwa osteopathia. Aliianzisha daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still, katika karne ya kumi na tisa. Watoto wake walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za siku zile hazikufaa kitu. Akauchunguza mwili upya. Akafundisha kwamba mwili ni kitu kimoja, kwamba umbo la kiungo na kazi yake hutegemeana, na kwamba mwili una uwezo wa kujiponya."

"Kwa hiyo huponya kila ugonjwa?" mke aliuliza.

"La, mama. Malaria na mfupa uliovunjika vina tiba zake. Haya, mzee, kaa kama unavyokaa kazini."

Fundi akakaa. Upande wake wa kulia ukabaki juu, kama kuku aliyelalia yai.

"Kazini, huko kulia unapokalia pana nini?"

Fundi akakohoa. Akatazama dari.

"Mkasi," akanong'ona.

"Mkasi gani?" mkewe akasimama.

"Wa vitambaa. Nimeuficha chini ya mto tangu siku ile ulipoukatia mapezi ya samaki."

"Mwaka mzima nautafuta! Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

"Kiuno kimepinda kuukwepa mkasi," daktari alieleza, akizuia kicheko, "mgongo ukapinda kukifuata kiuno, na shingo ikabeba deni la wote." Akamnyoosha taratibu, kiuno kwanza, shingo mwisho. "Mikono yangu imefungua njia tu. Kaa sawa, inuka mara kwa mara, na mwili utamaliza kazi."

Jioni ile fundi alitundika mkasi ukutani, akamnunulia mkewe mwingine wa jikoni. Ijumaa gauni lilikamilika, mikono yote miwili mahali pake.

Jumamosi, karamuni, fundi alikuwa akimtazama bintiye kwa fahari aliposikia nyuma yake, upande wa kushoto, sauti anayoijua: kacha! Mkewe alikuwa akifungua katoni ya soda kwa mkasi wa vitambaa.

Shingo ikageuka yenyewe, upesi, bila kuuma hata kidogo.

"Mama watoto!"

"Umepona," mkewe alijibu, akaendelea kukata.