Gauni la Bondia

Lea, Msagara, fundi cherehani wa Kilosa, alimwona Thadeo kwa mara ya kwanza pale stesheni, mwaka wa Azimio la Arusha. Suruali ya kaki, shati jeupe limembana kifua, na kichwani furushi la bibi kizee asiyemjua hata jina. Lafudhi ilimtambulisha kuwa Mnyamwezi, na Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara: hutukanana wakacheka, na anayenuna ndiye mkosaji.

"Mpagazi, na mzigo wangu utaubeba?" Lea akamchokoza.

"Wewe nitakubeba mzimamzima, mke wangu."

Basi mapenzi yakaanzia hapo. Thadeo alikuwa kibarua wa reli na alipigana ngumi za kulipwa, lakini Lea alimpendea ule upole wake.

Katika pambano la Morogoro, raundi ya tano, mpinzani wake Wenceslaus alichanika juu ya jicho, damu ikamziba asione. Thadeo akashusha mikono, akamtazama mwamuzi asimamishe. Mwamuzi akauchuna kana kwamba haoni. Wenceslaus akarusha ngumi ya kubahatisha, Thadeo akaenda chini, na ukumbi mzima ukamzomea kuwa ni mwanamke.

Lea aliona haya, tena haya ya kijinga. Akashona gauni la maua la kipimo cha Thadeo, akampelekea pale stesheni, mbele ya wenzake wa reli. Watu walicheka hadi machozi. Thadeo naye akacheka, akalivaa, akazunguka nalo uwanjani. Lea akarudi kwake akidhani yamekwisha.

Thadeo na Wenceslaus walirudiana ulingoni baada ya miezi mitatu. Lea hakwenda, alisikia tu kwamba Thadeo ameshinda na Wenceslaus amepofuka. Jumapili mshindi akaja kwake, amevaa suti mpya.

"Nimekuja kukuposa," alisema. "Wenceslaus aliniambia, 'Thadeo, sioni.' Nikaendelea kumpiga."

"Kwa nini?"

"Mwanamume hashushi mikono. Ulinifundisha wewe."

Lea akalia, akamwambia ulikuwa utani tu.

"Najua. Ndiyo maana sikununa."

Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuumiza. Lakini Thadeo alipomshika bega, Lea alirudi nyuma bila kukusudia, na wote wawili wakaona. Akamwambia hawezi kuolewa naye.

"Yule Thadeo wa kwanza ulimcheka," Thadeo akasema taratibu. "Huyu unamwogopa. Nije nikiwa nani, Lea?"

Thadeo akaaga kwa adabu, akaondoka.